Waliopita Mbele ya Kamera

Watu wengi hudhani kwamba picha husema uongo pale tu mtu anapoichezea: amekata kichwa cha huyu akakibandika kwenye kiwiliwili cha yule, au ametia mwezi mpevu katika usiku usiokuwa na mwezi. Uongo wa namna hiyo hauhitaji insha. Kila mtu anaujua, na kila mtu huulaani, hata yule anayeutenda. Linalonishughulisha mimi ni jambo jingine. Ni ile picha ambayo hakuna aliyeichezea, iliyopigwa kwa uaminifu wote na kwa subira nyingi, na ambayo hata hivyo imewaacha nje watu waliokuwapo. Je, picha kama hiyo inasema kweli? Na kama inasema kweli, kweli hiyo inamdai nini yule aliyeipiga?

Nitachukua mfano mmoja na kushikamana nao: picha ya chuo kikuu wakati wa usiku, majengo chini na nyota juu. Ni mfano mwepesi. Hauna damu ndani yake, wala siasa, wala mtu anayelia. Lakini masuala ya haki mara nyingi huonekana vizuri zaidi katika mambo madogo, kwa kuwa katika madogo hakuna hasira wala hofu ya kututia kiwi cha macho.

Chuo ninachokijua kwa usiku ni kile cha Mlimani, Dar es Salaam. Kilianza mjini mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikahamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha kujitegemea. Kiko kilomita zipatazo 13 kutoka katikati ya jiji, na mwenye kusimama pale jioni ana miti, ana upepo, na ana majengo yaliyokusudiwa kutazamwa. Ukumbi wa Nkrumah, pamoja na lile paa lake lililopinda, umetazamwa na Watanzania wengi kuliko wale waliowahi kufika chuoni, maana picha yake iliwekwa kwenye noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010. Aliyewahi kulipa nauli ya daladala kwa noti ile alikuwa ameushika ukumbi mkononi.

Sasa tuseme mpigapicha amefika pale saa nne usiku. Anasimika stendi ya miguu mitatu kwenye nyasi, anafunga kamera juu yake, anaielekeza lenzi penye paa na mbingu, kisha anafungua mlango wa mwanga na kuuacha wazi. Hapo ndipo kamera na jicho wanapoachana njia. Jicho la mwanadamu hupokea mwanga kidogo, hupeleka habari kwenye ubongo, kisha husahau na kuanza upya, na hufanya hivyo mara nyingi katika kila sekunde. Baada ya nusu saa gizani jicho limekwisha kuzoea. Ukiendelea kutazama juu mpaka alfajiri, hutaona nyota hafifu kuliko zile ulizoziona mwanzo. Filamu haiko hivyo, wala kile kipokea mwanga cha kielektroniki kilichochukua nafasi yake. Chenyewe huweka akiba. Mwanga unaoingia sasa hujumlishwa na ule uliotangulia, haba na haba mpaka kibaba kikajaa, na nyota ambazo jicho haliwezi kuzijua hujitokeza moja moja.

Ukifungua kwa sekunde 20 utapata nyota kama nukta. Ukifungua kwa saa nzima utapata mistari, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na katika dakika mbili tu nyota iliyo katikati ya mbingu huwa imesogea kiasi cha upana wa Mwezi. Kila mahali pana umbo lake la mistari hiyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo nyota za mashariki hupanda karibu wima, kama watu wanaopanda ngazi. Ile Nyota ya Kaskazini inayowaongoza mabaharia wa nchi za juu haionekani kabisa. Na zile za kusini huzunguka mahali palipo chini sana, nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, ambapo kwa mtu aliyeko Mlimani ni kule kule kwenye wekundu wa taa za Ubungo. Kitovu cha mzunguko wote kimefichwa na mwangaza wa mji.

Pingamizi la kwanza dhidi ya picha kama hii ni jepesi kulisikia: hakuna mtu aliyewahi kuiona mbingu namna hiyo. Si mpigapicha, si mlinzi, si mwanafunzi aliyepita na vitabu vyake. Ikiwa hakuna jicho lililoona, basi picha inashuhudia nini?

Mimi nadhani pingamizi hili halina nguvu, na historia ya picha za usiku yenyewe inalijibu. Ni historia iliyozaliwa vyuoni. Mwaka 1840 John William Draper, profesa wa chuo kikuu mjini New York, alipiga picha ya Mwezi. Mwaka 1850, mwezi Julai, John Adams Whipple na William Cranch Bond waliielekeza darubini kubwa ya chuo cha Harvard kwenye nyota iitwayo Vega, wakaacha mwanga uingie kwenye bamba la fedha kwa dakika moja na nusu hivi, na hiyo ikawa nyota ya kwanza, ukiacha Jua letu, kupigwa picha. Tangu hapo Harvard ilikusanya mabamba ya kioo ya picha za mbingu zaidi ya 500,000. Mengi yalipigwa upande wetu wa kusini wa dunia, huko Arequipa nchini Peru, kwa sababu mbingu ya kusini ina mambo ambayo wa kaskazini hawayaoni kwao.

Mabamba hayo yalisomwa na wanawake waliokodiwa kwa senti 25 au 30 kwa saa. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alizikagua nyota zinazong'aa na kufifia katika Wingu Dogo la Magellan, akagundua kwamba kadiri nyota ya namna hiyo inavyochukua muda mrefu kumaliza mzunguko wake wa kung'aa na kufifia, ndivyo mwangaza wake halisi ulivyo mkubwa. Taarifa ya mwaka 1912 ilitoka kwa jina la mkurugenzi wake, Edward Pickering, ijapokuwa mwanzoni kabisa ilikiri kuwa imetayarishwa na Leavitt. Kanuni hiyo ndiyo iliyomwezesha Edwin Hubble, katika miaka ya 1923 na 1924, kuonyesha kwamba lile wingu la mwanga liitwalo Andromeda liko nje kabisa ya kundi letu la nyota. Yaani ukubwa wa ulimwengu tumeujua kwa vitu ambavyo hakuna jicho lililoviona moja kwa moja. Kamera ilingoja, na kungoja kwake kukawa ni kuona.

Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba picha ya nyota juu ya Ukumbi wa Nkrumah ni ya kweli, na ni ya kweli kuliko nilivyoona mimi. Nyota zilikuwapo. Mwanga wake ulifika. Mwanga wa Sirius unaotufikia usiku huu uliondoka huko miaka minane na nusu hivi iliyopita, wakati mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipokuwa bado katika shule ya msingi. Mwanga wa Kilimia, zile nyota zilizokuwa zikiwajulisha wakulima majira ya kulima, uliondoka yapata miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kuijenga ngome yao ya Mombasa mwaka 1593. Mwanga uliosafiri muda wote huo haustahili kuitwa uongo eti kwa kuwa jicho langu ni la haraka.

Lakini kuna pingamizi la pili, na hili ni zito. Kamera iliyoachwa wazi kwa muda mrefu huongeza kimoja na kupunguza kingine. Huongeza kilicho mbali na hafifu, mradi kitulie au kifuate njia ile ile. Hupunguza kilicho karibu na chenye uhai, kwa kuwa chenye uhai hutembea.

Jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka 1838, mjini Paris, Louis Daguerre alipiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple kutoka dirishani juu. Ilikuwa mchana, na barabara ile ilikuwa na pilikapilika za magari ya farasi na wapita njia. Lakini bamba lake lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, na kila aliyekuwa akitembea alifutika. Barabara inaonekana tupu, kama mji uliohamwa. Amebaki mtu mmoja tu kwenye kona, amesimama akiwa ameinua mguu, anang'arishiwa kiatu. Huyo anasemwa kuwa mtu wa kwanza kuonekana katika picha, na jina lake halijulikani. Ukichunguza vizuri utaona kwamba mbele yake kuna kivuli cha mtu wa pili, aliyeinama. Ni yule anayemng'arishia. Yeye hakuonekana sawasawa, kwa sababu mikono na mwili wake ulikuwa katika kazi. Aliyehudumiwa alitulia akaonekana. Aliyehudumu alitumika akafifia.

Hakuna aliyekusudia. Daguerre hakumchukia mng'arisha viatu. Ilikuwa kanuni ya mwanga tu. Lakini kanuni ya mwanga iligawa watu wale kwa namna ambayo tabaka la wakubwa lingeigawa vile vile, na hilo ndilo linalonifanya nisiache kulifikiria.

Turudi Mlimani. Katika picha ya saa nzima majengo yamesimama imara, miti imetingishika kidogo, nyota zimechora mistari yake. Watu hawapo. Wakati lenzi iko wazi walipita wanafunzi wakitoka maktaba, alipita mama aliyefunga biashara yake ya chakula akiwa na ndoo kichwani, na mlinzi alizunguka mara nne. Wote hawamo. Kilichobaki ni mstari mmoja wa mwanga, mwembamba, unaopanda na kushuka kando ya njia kwenye usawa wa goti. Ni tochi ya mlinzi. Tochi imeonekana kwa sababu inawaka. Mkono ulioishika haukuonekana.

Mlinzi mmoja aliniomba siku moja nimwonyeshe picha iliyotoka. Aliitazama kwa makini kwenye kioo kidogo cha kamera, akasifu nyota, akalitambua paa, kisha akauliza kwa upole, "Sasa mwalimu, mimi niko wapi?" Nikamwonyesha ule mstari. Akacheka. Akasema, "Hiyo ni tochi."

Sijapata kusikia hoja ya falsafa iliyo fupi kuliko hiyo.

Kuna watakaosema kwamba mpigapicha si karani wa sensa. Hakwenda pale kuhesabu watu, alikwenda kupiga picha ya chuo na nyota, na kila picha lazima iache kitu nje. Anayepiga picha ya bahari haulizwi kwa nini hakuonyesha mlima. Hoja hii ni nzuri na nusu yake naikubali. Kutoonyesha si sawa na kuficha. Hakuna picha inayobeba kila kitu, na mtu anayedai picha ibebe kila kitu hataki picha, anataka dunia yenyewe.

Nusu nisiyoikubali ni hii. Picha ya bahari haisemi kwamba mlima haupo. Lakini picha ya uwanja mtupu huonekana kusema kwamba uwanja ulikuwa mtupu. Kamera, kwa lugha yake yenyewe, imesema tu, "Katika saa hii hakuna aliyetulia hapa." Mtazamaji asiyejua lugha hiyo husoma, "Katika saa hii hapakuwa na mtu." Kati ya sentensi hizo mbili ndipo uongo unapozaliwa, na mzazi wake si kamera. Mara nyingi mzazi wake ni maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Nimeona picha za vyuo, si cha kwetu tu, zenye maneno kama "Chuo kimelala." Chuo hakikulala. Kilikuwa na mtu anayezunguka na tochi, na mwingine anayepiga deki ukumbi wa mihadhara ili asubuhi ukutwe safi, na mwingine ambaye saa kumi alfajiri atakuwa anawasha jiko. Picha ilikuwa ya kweli, na neno lililowekwa chini yake likawa la uongo.

Na jambo hili halikomei kwenye kamera. Kumbukumbu zetu nazo ni picha za muda mrefu. Taasisi yoyote inapoandika historia yake hufungua lenzi kwa miaka 50 au 60, na kinachobaki ni kilichotulia au kilichong'aa: majengo, majina yaliyochorwa ukutani, vitabu. Walter Rodney alifundisha Mlimani, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Jina lake linang'aa, na linastahili. Sidai kwamba mng'ao wake upunguzwe ili wengine waonekane. Kuzima nyota hakumfanyi mlinzi aonekane. Nadai tu kwamba tusisome picha hiyo kana kwamba waliong'aa ndio waliokuwapo peke yao. Kila mhadhara uliokumbukwa ulitolewa katika chumba ambacho mtu fulani alikuwa amekifagia. Henrietta Leavitt mwenyewe, aliyetupa kipimo cha ulimwengu, alikuwa karibu afutike kwa kanuni hii hii, na kilichomwokoa ni ule mstari mmoja mwanzoni mwa taarifa uliotaja jina lake.

Hapa lakini inanipasa nijihadhari, kwa sababu kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wapenda haki huupita haraka. Si kila anayefutika anadhulumiwa. Waswahili tuna neno sitara, na neno hilo lina heshima kubwa. Kumsitiri mtu ni kumfunika ili asionekane pale ambapo kuonekana kungemdhuru au kumwaibisha. Wanafunzi wawili wanaotembea pamoja usiku huenda wanaishukuru kamera iliyowafuta. Mtu anayepita akilia kwa habari aliyoipokea kutoka nyumbani hataki kuwekwa kwenye picha ya mtu mwingine ya nyota. Kwa watu hao, dakika ndefu ya kamera ni kama shuka. Afadhali hiyo kuliko taa kali inayomnasa mtu akiwa amefumba macho nusu na mdomo wazi, kisha picha yake ikazagaa kwa watu asiowajua.

Basi tofauti iko wapi kati ya sitara na usahaulifu, ikiwa matokeo yake kwenye picha ni yale yale? Naona iko hapa: sitara hufanywa kwa ajili ya anayefunikwa, usahaulifu hufanywa kwa ajili ya anayefunika, ili asisumbuke. Anayesitiri anajua kwamba mtu yupo, na ndiyo maana anamfunika. Anayesahau hajui, au hajali kujua. Kwa hiyo huwezi kutofautisha mambo haya mawili kwa kuitazama picha. Lazima umtazame mpigapicha na umuulize: ulijua kwamba walikuwapo?

Yule mlinzi hakutaka sitara. Swali lake lilikuwa la mtu anayetaka kuonekana. Nilimwomba asimame kwenye ngazi sekunde 20 bila kujitikisa, akakubali. Alisimama wima kama askari, mikono ubavuni, tochi imezimwa, na picha ikatoka nzuri: mtu, ngazi, paa, na juu yake Msalaba wa Kusini. Aliipenda. Nilimpa nakala.

Lakini hata hiyo haikumaliza swali, na hili ndilo lililonifunza zaidi. Ili aingie katika picha, mlinzi alilazimika kuacha kazi yake. Kwa sekunde 20 hakulinda, alipigwa picha. Picha ile inaonyesha mlinzi, lakini haionyeshi ulinzi. Ile nyingine, yenye mstari wa tochi, inaonyesha ulinzi lakini haionyeshi mlinzi. Hakuna hata moja iliyo ya uongo, na hakuna hata moja inayotosha. Ninazitundika pamoja, na anayeuliza namweleza. Naamini hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wote wa kazi: ukiwasimamisha ili uwaheshimu, umewatoa katika kile unachokiheshimu, ukiwaacha watende, hawaonekani. Heshima yao inahitaji picha mbili na maelezo.

Limebaki suala moja, nalo ni la giza. Anayepiga nyota anataka giza, na giza haliko mikononi mwake. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, na mji wa ukubwa huo hutupa mwanga mwingi juu. Hali hii ni ya dunia nzima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa zaidi ya watu 80 katika kila 100 duniani wanaishi chini ya mbingu iliyochafuliwa na taa, na kwamba zaidi ya theluthi moja hawawezi kuiona ile njia nyeupe ya nyota ikatizayo mbinguni. Mwingine, uliochapishwa mwaka 2023 kutokana na hesabu za nyota zilizofanywa na watu wa kawaida, wengi wao wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ulionyesha mbingu ikiongezeka mwangaza kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Kwa mwendo huo mtoto anayezaliwa leo akiziona nyota 250 ataziona 100 tu atakapotimiza miaka 18.

Sisi tuna uzoefu wetu wa kinyume. Wakati wa migawo ya umeme, kama ile ya mwaka 2006 na 2011, mtaa mzima ulizimika, na baada ya malalamiko ya kawaida mtu aliyetoka uani aliinua kichwa na kukuta mbingu imejaa. Uzuri ule ulikuwa wa kweli, lakini ulinunuliwa kwa friji zilizooza, kwa cherehani zilizonyamaza, na kwa watoto waliosoma kwa koroboi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha umeme Februari 2024, hakuna mwenye akili timamu aliyesikitikia nyota.

Chuoni suala hili huwa dogo na kali zaidi. Taa moja iliyo kwenye njia ya mabweni huweza kuharibu picha nzima. Mpigapicha hutamani izimwe kwa nusu saa, na pengine anamjua wa kumwomba. Lakini taa ile ni ya msichana anayerudi kutoka maktaba saa tano usiku. Kwake giza si uzuri wa mbingu. Ni vichaka pande zote mbili za njia, na nyayo ambazo hajui ni za nani. Kumwomba mwenye swichi aizime ni kununua nyota kwa hofu ya mtu mwingine, tena mtu asiyeulizwa bei. Naliona hili kuwa baya kuliko kumfuta mtu kwenye picha. Kufutwa kwenye picha ni kukosa kuonekana na watazamaji wa kesho. Kuzimiwa taa ni kukosa usalama usiku huu huu.

Wala si kweli kwamba lazima tuchague. Taa inayoharibu mbingu ni ile inayomwaga mwanga pembeni na juu, ambako hakuna anayepita. Taa yenye kofia, inayoelekeza mwanga wake wote chini, humwangazia msichana njia vizuri zaidi na huziachia nyota mbingu yake. Tena hupunguza ule mng'ao wa machoni unaomfanya mtu asione kilicho nyuma ya nguzo. Ugomvi kati ya nyota na usalama, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa taa zilizofungwa vibaya. Anayependa mbingu kwa haki haombi taa zizimwe. Anaomba ziinamishwe.

Kwa hiyo nikiulizwa kweli ya picha inamdai nini mpigapicha, nitajibu hivi. Haimdai aonyeshe kila kitu, maana hawezi. Inamdai ajue kilichopita mbele ya lenzi yake wakati ikiwa wazi, na asiandike chini ya picha neno linalokana alichokijua. Inamdai atofautishe waliotaka kusitiriwa na waliotaka kuonekana, na njia ya kutofautisha ni kuwauliza. Na inamdai asitafute uzuri wake kwa gharama ya mtu ambaye hatauona uzuri huo.

Mtazamaji naye anadaiwa kidogo. Picha za vyuo usiku zitaendelea kupigwa, na ni nzuri. Mimi nitaendelea kuzipiga. Ukikutana na moja, itazame kwanza chini kabla ya juu. Tafuta kando ya njia, kwenye usawa wa goti. Ukiuona mstari mwembamba wa mwanga unaopanda na kushuka, ujue kuwa urefu wake wote ni hatua za mtu, na kwamba alikuwa kazini.